Pua ya Kapita

Goretti, binti wa Evariste, alinikuta depo, nimekaa juu ya gunia la maharage, naangalia vijana wakipakua lori. Alikuwa na kitambaa cha msiba mabegani na macho ya mtu ambaye hajalala. “Mama Dafroza, baba tumemuzika juzi, kule kwetu Nyundo. Siku ya posho, hii Jumamosi, tunamaliza kilio. Wewe njo ulichukua kazi yake pale port. Ningependa useme neno.” Nikamwambia mimi si mtu wa maneno, shule niliishia darasa la tatu. Hakusogea. “Shuleni waliniita Sambaza mpaka darasa la sita,” akasema. “Walisema baba alipokea hao samaki akaharibisha kahawa ya watu. Yeye hakujibia hata siku moja. Nataka mutu wa kazi asimame aseme baba alikuwa mutu wa namna gani.” Kisha akaenda zake, hata maji hakunywa, na mimi nikabaki na kalamu ya kuhesabia magunia mkononi, nimesahau tumefika la ngapi.

Nina depo mbili karibu na Petite Barrière, kile kituo kidogo cha mpakani. Nimezijenga mwenyewe, na mtu akiniuliza nani alinisaidia, huwa namjibu kwamba ni shingo yangu. Jibu hilo nimelitoa miaka mingi mpaka nikaliamini. Naandika Kiswahili kwa sababu kazi yangu yote nimeifanya kwa Kiswahili. Kinyarwanda ni cha nyumbani, na haya hayakutokea nyumbani. Mjukuu wangu amenyoosha pale nilipopinda, ila nimemkataza kugusa namna watu walivyosema; kwao “njo” ni “ndiye” au “ndiyo”, na “ku” ni “kwenye”. Kuandika kunanichosha kuliko kubeba gunia, kwa hiyo nitaandika mwaka mmoja tu, ule ambao Evariste alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa magazini ya kahawa, ghala la pale gatini, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

Ukipita pale ziwani leo utaona viti vyeupe, miavuli, vijana wanapigana picha maji yakiwa nyuma yao. Gati mpya wameijenga mbali, upande wa Nyamyumba. Ile yetu imebaki mawe machache ambayo watoto wanarukia wakioga. Katika magazini umebaki ukuta mmoja wa mawe meusi ya volkano, wameupaka rangi, na baiskeli za kukodisha zinaegemea hapo. Enzi hizo zilikuwa magazini tano kwa mstari, mabati mekundu kwa kutu, na boti zilitoka Bukavu, Kibuye na Cyangugu zikipanga foleni kusubiri nafasi. Ungenifunga macho ningekuambia niko mlango wa ngapi. Ya kwanza saruji, ilikausha koo. Ya pili makreti ya bia, harufu ya chachu. Ya tatu mawese na sabuni. Ya nne chumvi na sukari, na nyuki wake. Ya tano, ya mwisho kabisa, imetengwa na zingine kwa uwanja mtupu, ilikuwa ya kahawa, na ile haikutakiwa kunuka kitu chochote. Kahawa ni kama mtoto mchanga: chochote unachoweka karibu yake inakinyonya. Ukiiweka na sabuni siku mbili, mtu wa mbali huko atakunywa sabuni. Ndiyo maana kati yetu na wenzetu wa chumvi na mawese kulikuwa na ule uwanja, na hakuna aliyeruhusiwa kuukatiza akiwa na mzigo, hata mvua inyeshe.

Na ndiyo maana asubuhi tulinuswa. Tulikuwa wanawake kama thelathini, wachambuzi, tunakaa kwenye meza ndefu tunatoa punje mbovu. Kabla ya kuingia tulipanga mstari, na Kapita Evariste alisimama mlangoni na kofia yake ya kahawia, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Hakusema habari za asubuhi. Alisema, “Mikono!” Ukamnyooshea, akainama, akanusa vidole, kisha nywele. Mafuta ya nywele, nyumbani. Sabuni ya kunukia, nyumbani. Moshi mwingi, nyumbani. Bado nawasikia yeye na Verediana, ambaye alikuwa jirani yangu mezani na mdomo wake haukuwa na mlango.

“Verediana, jana ulikaanga samaki.”

“Hapana, Kapita! Ni jirani njo alikaanga.”

“Na harufu ikaruka lupango ya jirani, ikakuya kukaa ku vidole yako?”

“Harufu haiombaka ruhusa, Kapita.”

“Bon. Na we usiombe. Rudia ku nyumba, tutaonana kesho.”

Shida yangu ni kwamba mimi nililala ndani ya samaki. Nilikaa kwa Mama Safi, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, kwenye chumba kimoja cha udongo nyuma ya gati. Hatukuwa ndugu. Alinikuta sokoni nikibebea watu mizigo, akasema ana nafasi kwenye mkeka. Magunia ya sambaza wakavu yalipangwa mpaka darini, na sisi tulilala katikati yake kama tumo kwenye ghala. Chakula kilikuwa bugali wa muhogo, sombe ya majani yake, na sambaza waliopikwa na nyanya na pilipili mpaka jasho likutoke kwenye kope. Sijapata kula vizuri hivyo tena, ingawa leo nakula nyama nikitaka. Basi kila alfajiri nilijisugua kwa majivu, nikajisugua kwa limau, nikasuuza ziwani, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Mama Safi alikaa mlangoni akinicheka: “Jisugue, jisugue! Siku moja utabakia mifupa, na mifupa pia itanuka.”

Mwaka ule mafua makali yalipita, watu wengi wakalala. Kapita alilala wiki mbili, akarudi amekonda. Asubuhi moja baada ya hapo nilichelewa. Mvua ilikuwa imelowesha sambaza wa Mama Safi, tukawageuza wote kwa mikono tangu alfajiri, limau ilikuwa imeisha, nikakimbia kama nilivyo. Nilipanga mstari nikijua narudishwa. Hata wanawake walio mbele yangu waligeuka wakakunja nyuso. Kapita akainama, akavuta pumzi ndefu juu ya vidole vyangu, akasema, “Safi. Ingia.”

Niliingia nikakaa, lakini sikuweza kuchambua. Mchana wenzangu walipotoka kula nikamwendea. Alikuwa peke yake kwenye meza yake ndogo, na kiazi kitamu na nusu ya parachichi. Siku hizo nilikuwa mtu wa kusema ukweli papo hapo, maana sikuwa na kitu cha kupoteza.

“Kapita, nusa tena mikono yangu.”

“Ju ya nini? Nilishanusa.”

“Inanuka sambaza. Paka ya port amenifuata mpaka ku mulango.”

Akaweka parachichi chini taratibu. Akaangalia mlango, akaangalia ziwa. “Tangu mafua,” akasema. “Miezi mbili sasa. Maharage iliungua ku nyumba, bibi yangu analalamika moshi, mi namuuliza moshi gani.” Akacheka kidogo, kisha hakucheka. “Pua njo kazi yangu, Dafroza. Wakijua, kesho iko kapita mwingine hapa, na mi naenda kulima. Bibi yangu iko na mimba. Utasema?”

Nikasema sitasema. Akanikatia nusu ya kiazi. “Donc, we njo utakuwa pua yangu.”

Mpango ulikuwa mwepesi. Asubuhi nilishika fagio nikasimama nyuma yake, nafagia pasipo na uchafu. Akiinama kunusa, mimi nanusa hewa ya yule mtu. Nikikohoa mara moja, anarudishwa. Nikinyamaza, anaingia. Kwa magunia vilevile: alichoma sondi, kile chuma chenye mfereji kinachotoa punje bila kufungua gunia, akainua punje mpaka puani mbele ya makarani, na mimi nyuma ama nakohoa ama nanyamaza. Verediana alinichukia. “Tangu hii mutoto ashike fagio, Kapita amekuwa mukali kama pilipili.” Nami kwa malipo yangu nilitolewa mezani nikaingia ndani ya magazini. Kapita alinifundisha kuuma punje na kusikia kwa jino kama imekauka. Alinifundisha kupanga magunia juu ya mbao, mkono mmoja mbali na ukuta, na kuacha njia ya hewa katikati. Alinifundisha kusoma alama zilizopigwa kwenye gunia, na kwa alama hizo nikajua herufi nyingi kuliko nilizopata shuleni. Leo ukiingia depo yangu utaona maharage yamekaa juu ya mbao, mkono mmoja mbali na ukuta. Watu wanasema Mama Dafroza ana akili ya biashara. Mimi huitikia kwa kichwa.

Mwezi wa nne bibi yake akajifungua kule Nyundo. Kapita aliondoka siku tatu kwenda kumwona mtoto, wachambuzi wakapumzika, na ufunguo akaniachia mimi, ukiwa umefungwa kwenye kamba ya katani. Nilitembea nao kifuani kama msalaba. Siku ya kwanza, mchana, upepo ukageuka ziwani na anga ikawa nyeusi kama ule ukuta wetu. Mama Safi alikuwa na magunia sita ya sambaza gatini, akingoja lori la Ruhengeri. Hayo sita ndiyo yalikuwa kila kitu alichonacho. Alikuwa amekopesha watu wavu, amekausha mwezi mzima, amekula mara moja kwa siku. Lori halikuja. Magazini zingine zilikuwa zimefungwa au zimejaa. Akaukatiza uwanja mtupu akikimbia, kitenge kimemlowa, gunia la kwanza kichwani.

“Dafroza, mwanangu, fungua!”

“Hapa haiwezekane, Mama. Unajua.”

“Mpaka mvua ipite tu. Unafikiri nitazaa sambaza wengine? Mukeka wangu ulilalia, bugali yangu ulikula, leo uko na ufunguo ku shingo unaniambia haiwezekane?”

Nikafungua mlango wa pembeni. Sita yote tukayaweka kwenye kona, mbali kadiri ilivyowezekana, juu ya mbao nzuri. Mvua ilinyesha siku ile na siku iliyofuata, barabara ikajaa matope, lori likakwama. Siku ya tatu asubuhi jua likatoka, bati likapata moto, na ile magazini ikawa chungu kilichofunikwa. Lori la Ruhengeri lilipofika tukatoa sambaza, nikafungua milango yote, nikamwaga maji, nikafagia mpaka mikono ikafa ganzi. Nilisimama katikati nikavuta pumzi. Sambaza walikuwa bado wamo hewani.

Mchana Kapita akarudi, anang'aa. “Ni musichana! Tumemuita Goretti. Iko na pua kubwa, Mungu amerudisha ile yangu.” Lori la Kigali lilikuwa limekwisha kurudisha nyuma mlangoni, makarani wamesimama na karatasi. Akachoma sondi kwenye gunia la upande wa kona, akainua punje puani, akafumba macho kwa ajili ya makarani. Akangoja. Mimi nilishika fagio. Nilijua nikikohoa ataniuliza, na nikijibu, ufunguo utatoka kifuani kwangu na mimi narudi kubeba mizigo ya watu sokoni. Nilijidanganya kwamba njiani upepo utaitoa harufu. Akachoma la pili. Safari hii alingoja muda mrefu zaidi, mpaka karani akamtazama. Akageuza kichwa kidogo, akaniona. Sikukohoa. Akasaini.

Kahawa ilirudi baada ya wiki chache, lori zima, pamoja na bwana mmoja wa shati jeupe kutoka Kigali ambaye hakukaa alipopewa kiti. Aliita kila mtu uwanjani, wachambuzi wote thelathini na mimi. Akapanga makopo matatu juu ya meza. “Moja ni kahawa safi. Moja ni ile yenu. Moja nimetia petroli. Kapita, nusa, uniambie.” Hata leo, naandika haya, nataka kugeuza uso.

Kapita akainua kopo la kwanza. Mimi nilikuwa nimewekwa mbali, upepo unatoka kwangu kwenda kwao, sikupata harufu yoyote. Ndipo Verediana akakohoa. Nikashtuka. Mwanamke mwingine akakohoa. Kopo la pili, wakakohoa wanne. La tatu, uwanja mzima ulikuwa kifua kikuu. Walijua. Miezi yote ile walijua fagio langu lilikuwa la nini, na walirudi nyumbani bila kusema. Sasa walitaka kumwokoa na hakuna aliyejua kopo lipi lina nini, basi walikohoa yote.

“Hapa kuna ugonjwa gani?” akauliza bwana.

“Ni mavumbi, patron,” Verediana akasema, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Kapita akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, akaweka kopo chini, akavua kofia. “Bwana, usichokeshe hawa bamama. Mi sina pua. Iliendaka na mafua.”

“Na samaki? Waliingia wenyewe?”

“Ufunguo ni wangu.”

“Nakuuliza samaki.”

“Na mi nakujibia: ufunguo ni wangu.”

Akaniangalia mara moja. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama vile alivyozoea kungoja kikohozi changu, kichwa kimegeuka kidogo. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi mara tatu au nne. Nikaangalia miguu yangu.

Bwana akasema, basi, nani hapa ana pua? Aliyejibu ni Kapita. “Ule pale. Dafroza. Pua yake haidanganyaka.” Akavaa kofia, akafunga kifungo cha shingo kilichokuwa tayari kimefungwa, akapita mbele ya milango minne, chumvi, sabuni, bia, saruji, na hakuharakisha. Ufunguo ulibaki kwangu. Hakuna aliyeuomba.

Siku ile Mama Safi alivaa kitenge chake kizuri ili aende kusema. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilisimama mlangoni nikamwambia ameshaondoka, kusema hakutamrudisha, na sisi wawili tutakula nini? Akakaa chini katikati ya magunia matupu. “Sawa,” akasema. “Lakini hii bugali tutakula, mi sitasikia utamu yake.” Alipika, tukala. Alikuwa sahihi. Mwaka haukuisha nikahama kwake, nikapanga chumba changu, na hatua kwa hatua nikawa huyu mnayemwona. Kapita alilima vitunguu Nyundo. Tulikutana sokoni labda mara tatu katika maisha yote. Kila mara alinyanyua kofia kwa mbali: “Pua yangu! Habari ya siku mingi?” Kila mara nikamwambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Siku ya posho nikapanda Nyundo. Hema la turubai, viti vya plastiki, wazee wengi kuliko nilivyofikiri bado tuko hai. Waliniweka mbele kwa sababu ya gari langu na kitambaa changu cha gharama. Mkuu wa shughuli akanitambulisha kama mama mfanyabiashara, mfano kwa vijana, aliyejitengeneza mwenyewe. Nikasimama. Nilisema kama nilivyoandika hapa, ila kwa maneno machache: kwamba Evariste hakupokea samaki wa mtu, kwamba ufunguo ulikuwa shingoni mwangu na mlango niliufungua mimi, kwamba alinipa pua yake nimshikie, nami nikamdanganya nayo, kisha akanipa kazi yake na nikaichukua. Nikasema, Goretti, jina ulilobeba shuleni lilikuwa langu.

Verediana alikuwa mstari wa tatu, meno yamekwisha, sauti ipo. “Ile ya kukohoa tulijua sisi wote!” akapaza. Watu wawili watatu wakacheka. Kisha akasema polepole, “Lakini ile ya samaki, we Dafroza, ile ulituficha.” Na kicheko kikafa.

Wakaleta chakula. Goretti mwenyewe alishika birika na beseni, akapita kunawisha watu, kila mtu maji kidogo, anayefuata. Alipofika kwangu nikamnyooshea mikono, viganja juu, kama tulivyonyoosha mlangoni. Kwa muda alivishika vidole vyangu. Ana pua kubwa kweli. Kisha akamimina. Akamimina, akamimina, nikasema yanatosha mwanangu, akaendelea mpaka birika likaisha na beseni likafurika kwenye viatu vyangu, na akaenda kutafuta maji mengine kwa ajili ya wale waliobaki. Sikujua kama amenitakasa au ananiambia bado ninanuka. Nilikaa hapo na mikono inachuruzika, nikangoja akirudi nimwone uso, lakini aliporudi alianzia upande wa pili.